Mwanamume kwenye Benchi la Kina Mama

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa akifua kanzu yangu nyeupe ya ibada nyuma ya nyumba yetu pale Kashojwa, na mimi nimeketi mlangoni namenya viazi, tunabishana kidogo kuhusu wimbo wa Jumapili iliyopita. Katikati ya ubishi akanyamaza. Nakijwa si mtu wa kunyamaza katikati ya ubishi, kwa hiyo nikainua uso.

"Baba Namsifu, umejikata wapi?"

"Sijajikata popote."

Akaigeuza kanzu ndani nje na kunionyesha doa la damu iliyokauka, dogo kama punje ya mtama, upande wa kushoto wa kifua. Kisha akafuta povu mikononi, akasema, "Vua shati."

Nikavua palepale, kuku wakipita miguuni. Chuchu ya kushoto ilikuwa imevutwa ndani kama kitufe kilichoshonwa kwa nguvu mno, na chini yake palikuwa na kitu kigumu. Nilikuwa nimekigusa nikioga, nikadhani ni msuli, maana kiangazi kile tulikuwa tunabeba matofali ya kanisa. Nakijwa alikibonyeza kwa kidole. Hakikuuma. Naandika hili mapema ili msomaji mwanamume alijue: hakikuuma hata kidogo.

Mimi naitwa Tumaini. Mke wangu na mimi ni watu wa Usangi, juu kwenye milima ya Upare, na ni Walutheri tangu kwa babu zetu. Binti yetu Namsifu alipokwisha kuolewa Moshi, dayosisi yetu ilituuliza kama tungekubali kwenda Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambamo Kashojwa ni kijiji kimoja, kuwahudumia Walutheri waliotoka Kongo. Tulipowaaga majirani tukiwaambia tunakwenda kuwa wamisionari, mama mmoja mzee alitutazama juu hadi chini akauliza, "Wamisionari? Nyinyi?" Kichwani mwake mmisionari ana pua ndefu na gari. Sisi tulikuwa na masanduku mawili, na cherehani ya Nakijwa.

Tulidhani lugha haitatusumbua, maana Wakongo wa Kivu Kusini wanasema Kiswahili. Jumapili ya kwanza nilihubiri kwa ufasaha wangu wote. Baada ya ibada Maman Furaha, kiongozi wa kwaya ya kina mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza bonde, alinishika mkono kwa furaha. "Pasteri, unasema muzuri sana. Kama redio. Lakini redio pia hatusikiaka yote." Tangu siku ile nilianza kujifunza Kiswahili upya, nikiwa na miaka hamsini na kitu, na nilikuwa na raha kama mtoto aliyepewa kiatu kipya. Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo, raha, ugonjwa ulipobisha.

Kituo cha afya cha makazi walinitazama na kunipeleka Mbarara. Tulifika hospitalini asubuhi, tukaonyeshwa ukumbi wa kungojea wenye mabenchi ya mbao, na kwenye mabenchi hayo wanawake tu. Wengine wamevaa magauni ya gomesi yenye mabega yaliyosimama, wengine vitambaa kichwani. Nikakaa. Muuguzi akanijia haraka, kwa heshima.

"Ssebo, samahani. Hapa ni ya wamama. Mabwana wanangoja inje."

"Mimi ndiye mgonjwa, dada."

Akatazama kadi yangu. "Tumaini. Mimi nalifikiri ni mama." Akamtazama Nakijwa, akanitazama tena mimi, na ukumbi mzima ukanitazama pamoja naye. Sijawahi kuona aibu namna ile. Nilitamani sakafu ipasuke. Halafu mwanamke mmoja mrefu, mwenye mvi, aliyekaa mwisho wa benchi, akawasukuma wenzake kwa kiuno.

"Sogea, sogea. Mupatie muzee nafasi. Huyu ugonjwa naona haiangalii nani anavaa gomesi."

Wanawake wakacheka, wakasogea. Huyo alikuwa Mama Kamusiime, mwalimu mstaafu wa Kakiika, pembeni mwa Mbarara, mjane wa mwanajeshi. Kiswahili chake alikipata kambini pamoja na mume wake, ndiyo maana hata akikukaribisha chai unahisi umepewa amri. Alikuwa amekwisha kukatwa titi moja na sasa alikuwa kwenye sindano za dawa. Kabla jina langu halijaitwa alikuwa amekwisha kumwuliza Nakijwa tunalala wapi tukija Mbarara, na aliposikia hatuna mahali, akasema, "Sasa muko na mahali." Hakungoja jibu.

Walichukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano, tukarudi Nakivale kungoja. Nitasema kweli, kungoja kule kuliniumiza kuliko kisu kilichokuja baadaye. Nilizika, nilibatiza, nilipanga mawe ya msingi wa kanisa, na muda wote mkono ulikuwa unataka kwenda kifuani. Nakijwa alianza kunishonea mashati. Alishona mashati mengi kuliko niwezavyo kuvaa, na sikumwuliza kwa nini.

Siku ya majibu daktari alituketisha, akasogeza kiti chake karibu, akasema ni saratani ya titi.

"Daktari," nikamwambia, "mimi sina titi."

"Unalo, Mchungaji. Kila mwanamume analo, ni dogo tu."

Nakijwa akacheka. Kicheko kilimtoka bila kupanga, akaziba mdomo kwa viganja, na nyuma ya viganja kicheko kikageuka kilio. Nilimshika bega. Daktari alitungoja bila haraka, kisha akaeleza: kukata kwanza, halafu dawa za mishipani, halafu vidonge kwa miaka. Alisema tumewahi kiasi. Neno "kiasi" nililibeba hadi Kashojwa.

Sasa ikawa shida ya kusema. Mzee wa kanisa letu ni Papa Byamungu, mkulima wa mahindi, mtu mpole ambaye kwao Fizi, Kongo, aliacha shamba, ng'ombe, na kaburi la mwanawe. Nilimweleza chini ya paa la mabati la kanisa letu lisilo na kuta. Aliizungusha kofia mikononi.

"Pasteri, tuseme tu ni bugonjwa ya kifua. Haiko kudanganya. Si iko mu kifua?"

"Ni kweli, ipo kifuani."

"Batu batasema mambo mingi. Batasema pasteri anageuka mwanamuke. Batasema balimuroga. Mi sipende basikie vile."

Alikuwa ananilinda, na nilitaka kulindwa. Usiku nilimwambia Nakijwa pengine Papa Byamungu ana hekima. Alikuwa ameshika sindano na uzi, hakuinua kichwa. "Ni mwili wako," alisema. "Ukisema kifua, nami nitasema kifua. Lakini wakija kukuombea, wataombea nini?"

Jumapili ile, baada ya matangazo ya mbegu na ya zamu ya kubeba maji, nilisimama mbele nikawaambia. Nilitumia neno lenyewe, titi, la kushoto. Nilisema nitakatwa, na nywele zitanyonyoka, na sijui mwisho wake. Nikasikia mbuzi akitafuna nje. Kisha Maman Furaha akainuka katikati ya kwaya, mikono kiunoni.

"Pasteri, minauliza. Tukuandike sasa mu kikundi ya bamama? Ju kule ndani tunazungumuziaka mambo ya maziwa."

Mtu mmoja akacheka, halafu kanisa lote. Nilicheka hadi nikashika nguzo. Papa Byamungu mwenyewe alikuwa anafuta macho kwa kofia. Wakati bado tunacheka, Maman Furaha alikuja mbele, akaweka kiganja chake kizito juu ya kifua changu, upande wenyewe, mbele ya watu wote, akaanza kuomba. Wengine wakaja nyuma yake. Sijui kama nitaguswa tena na mikono mingi vile katika maisha haya.

Nilikatwa mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza. Niliamka nikiwa na bandeji pana na mpira mwembamba uliotoka ubavuni, unachuruza maji mekundu kwenye kichupa. Kichupa hicho ukitembea unatembea nacho. Siku ya tatu mlango wa wodi ulifunguka na kina mama wa Nakivale wakaingia, wamepanda magari alfajiri, wamevaa sare ya kitenge cha kijani. Maman Furaha akatoa mfuko mdogo wa kitenge kilekile, wenye kamba ya kuvaa begani, wa kuwekea kichupa. "Sasa uko mu sare," alisema. Nilikitembeza kichupa changu ukumbini kwa majivuno.

Nilipotoka hospitali tulihamia kwa Mama Kamusiime, Kakiika, kwenye nyumba yenye migomba mbele na ng'ombe wa pembe ndefu nyuma. Nilifundishwa kupandisha vidole ukutani, kama buibui, ili mkono wa kushoto usikauke. Mwanzoni vidole vilifika usawa wa kidevu tu, nikatokwa jasho. Mama Kamusiime alichora mstari kwa mkaa kwenye ukuta wake uliopakwa rangi vizuri. "Kesho unafika hapa," aliamuru. Kesho yake nilifika. Akachora mwingine. Ukuta ule hadi leo una mistari ya mkaa, na hataki ufutwe.

Mara ya kwanza kujitazama bila bandeji nilikuwa peke yangu bafuni. Upande wa kushoto palikuwa bapa, na mshono mrefu uliopinda kuelekea kwapani. Chuchu hakuna. Mwanamume haitumii chuchu kwa lolote, lakini nililia kama niliyeibiwa. Nakijwa aliposikia aliingia bila kubisha. Alipitisha kidole juu ya mshono, polepole, kama anavyokagua kazi ya cherehani ya mtu mwingine. "Ameshona vizuri," alisema. "Mimi nisingeweza." Basi.

Halafu dawa zikaanza. Kila baada ya wiki tatu nilirudi kwenye benchi lile, na tangu hapo ndivyo tulivyohesabu mwaka: mbegu zilipandwa kabla ya dawa ya kwanza, mahindi yalifika gotini dawa ya pili, mpaka mavuno. Dawa moja ni nyekundu kama sharubati, nayo hutoka mwilini ikiwa nyekundu vilevile. Mtu akuambie mapema, usije ukapiga kelele chooni kama mimi. Nywele zilianza kuanguka kwenye mto, nikamwomba Nakijwa anyoe zote. Ndevu zikafuata, kope zikafuata, kucha zikawa nyeusi. Midomo ilitoka vidonda. Chakula chote kikawa na ladha ya msumari. Nakijwa alinipikia kande kama la kwetu, mahindi na maharage yameiva hadi yanapasuka, nikashindwa, akala mwenyewe huku ananitazama.

Ni Mama Kamusiime aliyevunja hali hiyo, mwezi wa senene. Wadudu wale wa kijani walikuja na mvua, mji mzima wa Mbarara ukawa unawakimbiza. Kwetu Usangi hatuli senene, na nilikuwa nimewadharau siku zote. Alinijia na sahani, wamekaangwa kwa chumvi na kitunguu, wanang'aa.

"Kula."

"Mama, siwezi kula hata ugali."

"Mimi sijauliza kama unaweza. Nasema kula."

Nikatia mmoja mdomoni nimefumba macho. Akapasuka katikati ya meno, na nikaonja. Chumvi, mafuta, kitu kama njugu. Nilionja kweli! Nilikula sahani nzima, nikaomba nyingine, na Nakijwa, aliyekuwa ameapa hatagusa mdudu, alikaa chini akala nami kwa sababu alitaka tu kula kitu pamoja na mimi.

Siku za ibada Nakijwa aliniacha Kakiika akarudi Nakivale. Yeye alisomea uinjilisti ujanani, akauweka kando kwa sababu ya kulea na ya kuwa mke wa mchungaji. Sasa alihubiri, alifundisha kipaimara, alizika. Jumatatu alirudi na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, amechoka, macho yanawaka. Nilimfahamu zaidi ya miaka thelathini na nilikuwa sijayaona macho yale.

Karibu na Krismasi alikuja Namsifu. Alisafiri kwa mabasi kutoka Moshi hadi Karagwe, akavuka mto Kagera pale Kikagate, akafika Kakiika miguu imevimba. Aliponiona mlangoni bila nywele wala nyusi alisimama, akanipita kwanza kwa macho akimtafuta baba yake, kisha akaniangukia. Hakukaa hata siku moja kabla hajasema alichokuja kusema.

"Baba, turudi nyumbani. Kwani Usangi hakuna watu wa kuhubiriwa?"

Nikasema dawa zangu zimeanzia hapa. Akasema Moshi kuna dawa. Nikasema watu wananihitaji. Akasema, "Na mimi?" Kisha akamgeukia mama yake jikoni, nikawasikia kupitia dirishani.

"Mama, wewe ndiye unayemshikilia huku. Umepata kanisa, hutaki kuliacha."

Nakijwa akasema kwa sauti ya chini ambayo ilinichoma kuliko kelele. "Namsifu, nimechoka mwanangu. Nafua matapishi ya baba yako, naamka napanda gari, nahubiri, narudi. Kuna siku natamani nikalale kwa mama yangu, na mama yangu alikufa. Usidhani sijui njia ya kwenda nyumbani."

Jioni, tukiwa tumekaa nje tukitazama ng'ombe wakirudi, aliniuliza, "Nikisema nataka turudi, tutarudi?"

"Kesho asubuhi," nikasema. Na nilimaanisha.

Akatikisa kichwa taratibu. "Haya. Nilitaka kulijua hilo." Kisha akaegemea bega langu, lile zima. "Hatuendi."

Tulimchukua Namsifu Nakivale kwa Krismasi. Wanangu mnaosoma haya mkiwa na wazazi wagonjwa mbali, nendeni mkaone wanapoishi kabla ya kuwaondoa. Kanisa lilikuwa limepata kuta hadi usawa wa kiuno. Watu walikuja nyumbani na mayai, na mahindi mabichi, na kuku mmoja aliyefungwa miguu kwa utepe. Mwanamke asiye na kitu alikuja kunifagilia uwanja. Maman Furaha alimwimbisha Namsifu kwenye kwaya bila kumwuliza kama anaweza, na binti yangu, ambaye hakuimba tangu aolewe, aliimba sauti ya pili machozi yakimtoka, huku Maman Furaha akimpiga mgongo kwa mdundo. Alipoondoka tulimsindikiza hadi Kikagate. Kabla ya kuvuka alimwambia mama yake, "Nisamehe yale ya jikoni." Nakijwa akamfunga kitenge cha kijani kiunoni.

Sitaki mtu adhani benchi letu lilikuwa la vicheko tu. Kulikuwa na Adrine, mwalimu mdogo wa Ntungamo, aliyekuwa akituletea ndizi za kuchoma na kunicheka kwa kuwa tulifanana upara. Siku moja tukafika, hayupo. Muuguzi alituambia kwa macho kabla ya mdomo. Siku hiyo Mama Kamusiime aliweka mkoba wake mahali pa Adrine, na ingawa ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama, hakuna aliyeomba mkoba uondolewe. Niliombwa kusali. Nilisali kwa Kiswahili changu cha redio, na kila mtu alisikia.

Dawa ya mwisho niliipata mvua za masika zikianza. Tulivuna, tulipanda tena, na mimi nilikuwa hai. Daktari alipima, akapima tena, akasema haoni kitu. Atanitazama kila baada ya miezi kadhaa, na nitameza kidonge kimoja kila siku kwa miaka. Mama Kamusiime, aliyemaliza kabla yangu na kupewa habari kama hiyo, alichinja mbuzi, akatuamuru tucheze, nasi tukacheza.

Vidonge vile vina mambo yake. Ilikuwa Jumapili ya Matawi, nimerudi mimbarani, nywele zimeota laini kama za mtoto mchanga. Katikati ya mahubiri moto ukanipanda kutoka tumboni hadi kichwani, jasho likanitiririka, nikadhani nakufa. Nikakatisha mahubiri, nikakaa. Nakijwa alikuja mbio na matawi, akanipepea, akanitazama vizuri, na nikaona midomo yake inacheza.

"Ghafla tu? Na sasa umeanza kusikia baridi?"

"Ndiyo."

"Karibu kwenye moto wa kukoma hedhi, baba. Mimi nilimaliza mwaka juzi." Na akacheka hadi akainama. Kina mama wa kwaya walipoelezwa, ibada ilichukua muda kurudi kwenye utaratibu.

Baada ya ibada Papa Byamungu alinisogelea, kofia mikononi. "Pasteri, tumefurahi umerudi. Kweli kabisa. Lakini bazee tulikaa, tunauliza: Mama Pasteri ataendelea kuhubiri? Tunakupenda wewe. Yeye njo anahubiriaka fupi." Tangu hapo tunapokezana, Jumapili yake na yangu. Yake watu huwa wengi zaidi.

Ndugu msomaji, kama wewe ni mwanamume na una kitu kigumu kifuani, au chuchu imezama, au umeona damu kwenye shati, usingoje kiume. Nenda kapimwe. Utakaa na kina mama, watakusogezea benchi. Na wewe mke, mtazame mumeo. Sisi wanaume hatujitazami.

Kuna mmoja aliyekuja kwangu mwaka huu, kiangazi. Anaitwa Leonidas, Mrundi, anabeba abiria kwa pikipiki pale karibu na Base Camp, katikati ya makazi. Alinikuta nakoroga udongo wa kanisa, akasimama mbali kidogo.

"Muzee, mimi siko wa kanisa yako. Niko mukatolika. Padri wetu ndiye amesema nikuone." Akatazama huku na huku, akagusa kifua chake kulia. "Niko na kintu hapa. Mke wangu hajui."

"Kinauma?"

"Haiumi."

Niliosha mikono. Jioni ile tulikwenda pamoja kwake tukamwambia mkewe, aliyekuwa ananyonyesha, naye akakaa chini polepole. Safari ya kwanza ya Mbarara nilimsindikiza. Safari ya majibu nilimsindikiza tena. Alivaa koti la arusi yake. Ukumbini wanawake walikuwa wamejaa, nyuso ngeni karibu zote, na muuguzi yuleyule, aliponiona naingia na mwanamume mwingine, hakutuambia tungoje nje. Aliwaomba wasogee.

Karibu nasi alikaa mama mmoja wa makamo, kitambaa cha njano kichwani, peke yake. Alituuliza tumekuja na nani. Leonidas akajitutumua, akasema, "Na mimi mwenyewe, mama. Leo nangoja majibu."

"Hata mimi," akasema. "Leo."

Leonidas akaitwa. Nilibaki na koti lake magotini, kwa sababu jasho lilikuwa limemshinda. Yule mama alikuwa akivingirisha kona ya kitambaa chake cha mkononi, akikikunjua, akikivingirisha. Mlango ukafunguka, Leonidas akatoka mdomo wazi, akainua mikono yote miwili juu, akaishusha, akaiinua tena kama anayetafuta mahali pa kuiweka.

"Siyo," akasema mwishoni. "Siyo kansa, muzee. Ni kauvimbe tu. Watakatoa. Siyo!"

Nilisimama, koti likaanguka. Ukumbi ulikuwa bado haujaelewa. Wa kwanza kuelewa alikuwa mama wa kitambaa cha njano, ambaye jina lake lilikuwa bado halijaitwa. Alitupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele kirefu, cha harusini, hata wauguzi wakatoka kwenye vyumba; na benchi zima likamfuata.